Neno la Barbosa na Gome la Mkandaa: Rangi za Miti katika Historia ya Ufumaji wa Pwani ya Waswahili

Utangulizi

Katika kitabu alichokikamilisha kiasi cha mwaka 1516, Duarte Barbosa, mtumishi wa mfalme wa Ureno aliyefanya kazi katika bandari za Malabari, aliwaeleza wafumaji wa Sofala kwa maneno machache. Alisema kwamba Waislamu wa mji huo walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Walipotaka nguo yenye rangi walichukua vitambaa vya buluu na vya rangi nyinginezo vilivyoletwa kutoka Khambat, katika Gujarati, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakafuma upya kwa kuzichanganya nyuzi hizo na uzi wao mweupe. Nguo hizo ziliwapatia dhahabu nyingi. Sababu ya kufanya hivyo aliitaja kwa namna mbili: ama hawakujua kutia rangi, ama hawakuwa na rangi zenyewe.

Ni rahisi kuyasoma maneno hayo kama hukumu juu ya pwani nzima, na kuhitimisha kwamba Waswahili walikuwa wafumaji wasio watia rangi, na kwamba uzuri wa nguo zao ulitoka ng'ambo. Lakini Barbosa mwenyewe hakuhukumu. Alisita kati ya sababu mbili ambazo hazifanani hata kidogo: kutojua ni upungufu wa elimu, na kutokuwa na rangi ni upungufu wa mali. Mhadhara huu unakusudia kuipima hiyo "ama" yake kwa ushahidi wa aina tatu, yaani ushahidi wa maandishi na vifusi, ushahidi wa lugha, na ushahidi wa miti yenyewe. Jambo lenyewe si dogo. Jibu litakalotolewa ndilo litakaloamua iwapo wasukaji wa mikeka wa leo wataonekana kuwa warithi wa elimu ya kale, au mafundi wa kazi ndogo isiyo na historia.

Ufumaji kabla ya Wareno

Kwamba pwani ilifuma nguo karne nyingi kabla ya Wareno si jambo la kubishaniwa. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Hivyo ndivyo vilivyotiwa kwenye kijiti cha kusokotea uzi ili kukipa uzito na kukizungusha sawasawa. Vifaa kama hivyo havina thamani machoni pa mwindaji wa hazina, lakini kwa mwanahistoria vinathibitisha kwamba uzi ulisokotwa majumbani mwa mji huo.

Maandishi nayo yanakubaliana na udongo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alizitaja nguo zilizofumwa huko na kubeba jina la mji huo, na akasema kwamba zilipelekwa mpaka Misri. Karne mbili na zaidi baadaye, Padre Monclaro, aliyefuatana na msafara wa Francisco Barreto ulioondoka Lisbon mwaka 1569, aliusifu mji wa Pate kwa nguo zake za hariri, ambazo Wareno wenyewe walizinunua ili kufanyia biashara. Hivyo basi, kutoka Mogadishu hadi Sofala palikuwa na wafumaji, na kila mji ulikuwa na nguo zake na soko lake.

Lakini ushahidi unaogusa rangi kwa karibu zaidi unatoka visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji ya leo, ambako mpaka sasa husemwa Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili. Wareno waliviita visiwa hivyo kwa jina la Maluane, na jina hilo lilikuwa pia jina la nguo zilizofumwa huko. Nguo za Maluane zilijulikana kwa buluu yake iliyokolea, iliyotokana na nili. Kutoka Sofala hadi Kirimba ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya bahari. Majahazi yaliunganisha sehemu hizo mbili, na watu wake walikuwa wa dini moja na biashara moja. Kwa hiyo, yule aliyesema kwamba wafumaji wa Sofala walifumua vitambaa vya buluu kwa sababu hawakujua kutia rangi alikuwa akiutazama mji mmoja ulioko kwenye ncha ya kusini ya ulimwengu mkubwa. Ndani ya ulimwengu huo huo walikuwapo watu walioijua kazi ya nili barabara.

Na kazi ya nili haijulikani kwa kubahatisha. Majani yake huvundikwa majini mpaka yachache. Kisha maji hayo hupigwapigwa ili yaingiwe na hewa, na rangi hutua chini kama tope. Tope hilo likikauka haliyeyuki majini. Ili liweze kuingia katika uzi ni lazima litiwe katika maji makali ya majivu au chokaa na kuchachushwa tena. Nguo inayotolewa humo hutoka na rangi ya kimanjano yenye ukijani, na hugeuka buluu mbele ya macho ya fundi inapokutana na hewa. Watu waliomudu hatua zote hizo hawawezi kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua kutia rangi.

Ushahidi wa lugha

Lugha nayo ni ghala la kumbukumbu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -ekundu na -eusi. Majina mengine yote ya rangi huhitaji msaada wa neno "rangi ya", au hukopwa kutoka kwingineko. Samawati imetokana na neno la Kiarabu la mbingu, na buluu imekuja na Kiingereza. Jina la nili limesafiri kutoka India, na limewafikia Wareno pia kwa njia ya Kiarabu. Mengine yanatokana na mimea: kijani na jani, kahawia na kahawa, zambarau na tunda la mzambarau, manjano na kiungo cha jikoni.

Mtu angeweza kusema kwamba lugha yenye vivumishi vitatu vya rangi ni lugha ya watu wasioshughulika na rangi. Kauli hiyo haina msingi, kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu zina vivumishi hivyo vitatu tu, na miongoni mwa wasemaji wake wamo mafundi hodari wa kila aina. Aidha, kila kimoja cha vivumishi hivyo kina eneo kubwa. Wekundu wa Kiswahili hufika mpaka kwenye rangi ya udongo na ya gome la mti. Weusi wake huenea mpaka kwenye buluu iliyokolea, na ndiyo maana kaniki, nguo ya nili, imeitwa nguo nyeusi na vizazi vingi vya wavaaji wake.

Anayetaka kujua kama jamii fulani ilizijua rangi na aviache vivumishi, atazame vitenzi. Hapo Kiswahili ni tajiri kwelikweli. Kitu huchovywa, au hutiwa rangi. Rangi hukolea, yaani hushika na kuzama. Isiposhika vizuri nguo huchuja, ikiwaambukiza wenzake majini. Ikipigwa na jua hupauka, na ikichakaa kwa kufuliwa hukwajuka. Vitenzi hivi vinatofautisha makosa ambayo ni fundi, au mnunuzi aliyewahi kupunjwa, anayeona haja ya kuyatofautisha. Nguo iliyochuja ina kosa la mtia rangi, na iliyopauka imeonewa na jua. Lugha inayoyatenga mambo hayo imezoea kuulizana juu ya ubora wa rangi.

Kisha yako majina ya miti. Kamusi za Kiswahili zimelihifadhi jina la mdaa, mti mdogo wa jenasi ya Euclea, ambao mizizi yake hutoa rangi nyeusi ya kutia chane za kusukia mikeka. Zimelihifadhi pia jina la mkandaa, mmoja wa jamii ya mikoko, ambao gome lake hutoa wekundu wa kutia rangi na dawa ya kulainishia ngozi. Wenyeji wa pwani hawaichanganyi miti ya maji ya chumvi. Mkoko wenyewe wautofautisha na mkandaa, na wote wawili wautofautisha na mchu, msinzi na mkomafi. Kila mti una kazi zake, na ile ya rangi wamepewa wachache tu.

Mti na kazi yake

Siri ya mkandaa na mdaa ni tanini, dutu chungu iliyomo katika magome na mizizi mingi, ambayo hukamata ngozi na nyuzi za mimea kwa nguvu. Gome la mkandaa likipondwa na kuchemshwa, maji yake huwa mekundu kama chai iliyokaa sana. Chane za ukindu zikichemshwa humo hunywa rangi hiyo na kubaki nayo. Kwa tabia hiyo hiyo, wavuvi wa pwani nyingi za Bahari ya Hindi walizitia nyavu zao katika maji ya gome la mikoko. Nyavu zilipata rangi, lakini lililotafutwa hasa lilikuwa kuzikinga zisioze.

Tanini ina tabia nyingine iliyojulikana sehemu nyingi za Afrika: inapokutana na chuma hugeuka nyeusi. Wafumaji wa Mali wameijengea tabia hiyo sanaa mashuhuri ya bogolanfini. Kwanza hulitia kitambaa cha pamba katika maji ya majani ya mti uitwao n'gallama, kisha huchora juu yake kwa tope lenye chuma. Tope likioshwa, weusi hubaki. Huko Ngamiland, kaskazini-magharibi mwa Botswana, wasukaji wa vikapu huchemsha chane za mnyaa pamoja na mizizi ya mti wa jenasi ile ile ya mdaa, wakapata rangi ya kahawia. Elimu ya mdaa si kioja cha pwani peke yake. Ni tawi la elimu pana ya Kiafrika ya kutoa rangi katika miti.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba pwani iliitumia elimu hii zaidi katika ukindu kuliko katika pamba. Mkeka wa Kiswahili ulijipatia weupe wa chane iliyoanikwa, wekundu wa gome na weusi wa mizizi, na kwa rangi hizo tatu msukaji akaunda nakshi zenye majina na maana. Nguo ilikwenda njia nyingine. Swali linalobaki ni kwa nini.

Kwa nini nguo zifumuliwe?

Jibu la kwanza linapatikana kwa kuutazama mkandaa ng'ambo ya pili ya bahari. Mti huo huo, Ceriops tagal kwa jina la wataalamu wa mimea, unaota pia katika fukwe za Java, ambako huitwa tingi. Huko gome lake ni mojawapo ya viungo vitatu vya soga, ile rangi ya kahawia iliyoipa heshima batiki ya miji ya Java ya kati. Batiki ya Indonesia iliandikishwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Basi gome la mkandaa linaweza kutia rangi pamba, na kuitia vizuri.

Lakini bei yake ni kubwa. Ili soga ikolee, kitambaa kilichovywa na kuanikwa mara nyingi, kwa siku nyingi, kisha rangi ikafungwa kwa maji yaliyotiwa viungo kama chokaa na shabu. Kazi ya namna hiyo inahitaji mnunuzi aliye tayari kuulipia muda wa fundi. Huko Java, mabwana na mabibi wa makao ya kifalme walikuwa wanunuzi wa namna hiyo, na nakshi fulani ziliwekewa mwiko zisivaliwe na watu wa kawaida.

Mfumaji wa Sofala alikabiliwa na hesabu nyingine. Mkononi alikuwa na pamba yake. Bandarini zilikuwapo nguo za Gujarati, ambako mafundi walikuwa na nili kwa wingi, na walijua kuufunga wekundu wa mizizi kwa shabu hata usichuje. Mnunuzi wake alikuwa mtu wa bara, mwenye dhahabu, aliyetaka rangi kali katika nguo ya ukubwa na mfumo aliouzoea. Kitambaa cha Khambat kama kilivyo hakikumridhisha, na nguo nyeupe tupu haikumvutia. Kwa kufumua kitambaa kimoja, mfumaji alipata uzi wa rangi wa kutosha kupamba nguo kadhaa. Alinunua rangi iliyokwisha kukolea, akaigawa kwa kipimo, akauza kwa dhahabu.

Kufumua, basi, hakuthibitishi ujinga. Mfano wa Afrika Magharibi unaliweka wazi jambo hili. Wafumaji wa Asante walifumua vitambaa vya hariri vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Ulaya ili kupata uzi wa kufumia nguo za fahari za wafalme wao. Walifanya hivyo katika eneo la dunia lililojaa watia rangi, mafundi wa nili wa Kano wakiwa miongoni mwao. Hakuna anayesema kwamba Waasante walifumua kwa kutojua. Husemwa kwamba walichagua, na Mswahili wa Sofala anastahili kusomwa kwa haki hiyo hiyo.

Rangi zaondoka, rangi zarudi

Uchaguzi wa mfumaji ulidumu maadamu kitanda chake cha kufumia kilidumu. Karne ya 19 ilikileta kipindi kigumu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya huko kikamiminika Unguja kwa jina la merikani. Kilikuwa imara na bei yake ilikuwa nafuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara hiyo, lakini nafasi ya merikani ilichukuliwa na nguo za viwanda vya Uingereza na India. Mfumaji wa pwani hakuirudisha nafasi yake. Kaniki, vikoi na baadaye kanga vilivaliwa kila mahali, na sehemu kubwa ya nguo hizo ilitiwa rangi ng'ambo.

Wakati huo huo malighafi za rangi zilikuwa zikiondoka pwani kwenda Ulaya. Marere, kuvu mwani anayeota juu ya miti na vichaka vya pwani, alikusanywa na kupakiwa merikebuni kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, ambako alitoa rangi ya zambarau. Magome ya mikoko yalisafirishwa kwa ajili ya viwanda vya ngozi, na katika utawala wa Wajerumani delta ya Rufiji ilikuwa chimbuko kubwa la bidhaa hiyo. Kile ambacho msukaji alikichukua kwa konzi, ili kutia rangi mkeka mmoja, kilianza kupimwa kwa tani. Na mkandaa uliochunwa gome pande zote haupoi, hukauka uliposimama.

Kisha Ulaya ikaacha kuzihitaji rangi za mimea. William Henry Perkin alitengeneza zambarau ya maabara huko London mwaka 1856. Wekundu wa kutengenezwa, ulioiga ule wa mizizi, ulifuata mwaka 1869, na nili ya kiwandani ya Ujerumani iliingia sokoni mwaka 1897. Rangi za unga zikafika mpaka maduka ya pwani. Msukaji wa Pemba au Lamu aliyekuwa akichemsha gome kwa saa nyingi aliweza kununua pakiti ndogo na kupata wekundu, kijani na zambarau kwa muda mfupi. Hakuna haki ya kumlaumu. Alifanya hesabu ile ile ya mfumaji wa Sofala, na nakshi zake ziliongezeka wingi. Lakini palikuwa na tofauti moja kubwa. Mfumaji wa Sofala aliinunua rangi, naye elimu ya miti ikaendelea katika ukindu. Rangi ya unga ilipoingia katika ukindu, elimu hiyo haikubakiwa na makao mengine.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 jambo la ajabu lilitokea. Ufundi wa batiki, pamoja na jina lake la Kijava, ulienea katika miji ya Afrika Mashariki, na vikundi vingi vya wanawake vikautumia kujipatia riziki. Nta iliyeyushwa, nguo zikachorwa na kuchovywa katika rangi za viwandani. Hivyo ufundi wa Java ulifika katika fukwe unakoota mti uliozaa rangi yake, na mti huo haukutambuliwa.

Hitimisho

Ushahidi uliotolewa unatosha kuijibu "ama" ya Barbosa. Katika Sofala ya wakati wake huenda rangi iliyofaa pamba ilikuwa haba. Kuhusu pwani kwa jumla, nusu ya kwanza ya kauli yake haina nguvu. Kirimba walijua nili, wasukaji walijua mkandaa na mdaa, na lugha iliwapa wote msamiati wa kupimia kazi zao. Kilichokosekana ni soko la kumlipa mtia rangi wa nguo, na hilo ni jambo la uchumi wa Bahari ya Hindi wala si la akili za watu.

Jibu hilo lina wajibu ndani yake. Kamusi inayosema tu kwamba mdaa ni mti unaotoa rangi nyeusi imehifadhi jina na kuacha elimu. Haisemi mizizi huchimbwa msimu gani, huchemshwa kwa muda gani, wala hutiwa kitu gani ili rangi isichuje. Elimu hiyo ilikaa mikononi mwa wanawake, ambao wasafiri wa Kireno hawakuwauliza na wakusanyaji wengi wa kamusi waliwasikia kwa mbali. Kazi ya kuwauliza wasukaji wazee wa Pemba, Lamu, Mafia na Kirimba, kwa lahaja zao wenyewe, ni kazi ya taaluma za Kiswahili kama ilivyo kazi ya kukusanya tenzi.

Miti nayo ina dai lake. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nguzo za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na Tanzania Bara mikoko imewekwa chini ya hifadhi ya serikali. Anayetaka kuirudisha rangi ya mkandaa hana sababu ya kugombana na sheria hizo, kwa kuwa fito na nguzo zinazokatwa kwa kibali huwa na gome ambalo mjenzi halihitaji. Gome hilo linalotupwa lingetosha kwa mikeka mingi, na kwa nguo pia, iwapo wa kulichemsha bado watakuwapo.